Chombo Hakiendi Ila kwa Nyenzo: Jinsi ya Kuchagua Mashine Kuukuu ya Mashua

Mchagua jembe si mkulima. Methali hii tumeisikia tangu shule ya msingi, na walimu wetu wameitungia maswali mengi ya mtihani. Kwa heshima zote kwa wahenga, naomba niseme kwamba aliyeitunga hakuwa mvuvi wa pwani yetu. Jembe likivunjika, mkulima hulitupa begani akarudi nyumbani kwa miguu. Mashine ya mashua ikizima nje ya mwamba, njia ya miguu haipo. Baharini mchagua mashine ndiye mvuvi, na asiyejua kuchagua huchaguliwa na wengine.

Ndugu msomaji, wengi wetu katika shule hii karo yetu yatoka baharini. Kuna wenzetu wa Ngomeni na Mayungu, kuna wa Watamu, na kuna wa Kilifi na Takaungu. Katika nyumba zetu, habari ya mashine huzungumzwa kama habari ya mahari: kwa sauti ya chini na kwa hesabu ndefu. Mashine mpya ni ghali mno kwa mvuvi mdogo. Kwa hivyo watu wawili, watatu au watano huchanga, kisha hutafuta mashine kuukuu, yaani ile iliyokwisha kutumiwa na mwenyewe anaiuza. Fedha hizo huwa ni za miezi mingi. Ikinunuliwa mbovu, huwa zimezama kabla hata ya mashua kushushwa majini.

Mwaka uliopita mjomba wangu na wenzake wanne walikuwa wakitafuta mashine ya namna hiyo. Mjomba alinichukua nifuatane nao kwa kuwa, kwa maneno yake, "wewe wasoma Fizikia, basi Fizikia hiyo tuione." Nilibeba daftari. Niliyoyaandika humo kutoka kwa wavuvi, kwa mafundi na kwa vitabu vya maktaba yetu ndiyo ninayotaka kuwaeleza. Nitaeleza kwanza kwa nini jambo hili si dogo, kisha jinsi ya kujua mashine inayofaa mashua yako, na mwisho jinsi ya kuikagua kabla hujatoa pesa.

Kwa nini si jambo dogo

Bahari yetu haikai kimya ikikungoja utengeneze mashine. Msimu wa kusi, kuanzia Aprili hivi hadi Oktoba, upepo watoka kusini na mkondo wa pwani hukimbia kuelekea kaskazini. Mashua iliyozimikiwa mbele ya Malindi huanza kusogea upande wa Ngomeni na Lamu, itake isitake. Msimu wa kaskazi mambo hubadilika. Mkondo wetu hukutana na mkondo mwingine ushukao kutoka Somalia, na maji hayo yote mawili hupinda yakaelekea bahari kuu. Basi wakati wa kaskazi, ambapo bahari huonekana shwari na kila mtu atamani kwenda mbali, ndipo chombo kilichozimikiwa kinapoweza kuchukuliwa mbali zaidi na nchi kavu.

Zamani chombo kilikuwa na tanga, na mashine ilipokuja ilikuwa msaidizi tu. Siku hizi kuna mashua nyingi ambazo hazina mlingoti wala foromali. Tegemeo lao lote ni kile chuma kilichofungwa tezini. Ndiyo maana nasema kuchagua mashine ni kuchagua nani atarudi nyumbani.

Anza na mashua, si mashine

Wanunuzi wengi huanza kwa kuuliza, "Ni ya nguvu ya farasi ngapi?" Swali hili ni zuri lakini si la kwanza. La kwanza ni hili: mashua yako ina urefu gani, ina uzito gani, na kazi yake ni ipi?

Nitatoa mfano wa mbali kidogo kisha nirudi pwani. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, vijana wa Uingereza waliopenda mashindano ya magari hawakuwa na fedha za kununua magari makubwa. Kuanzia mwaka 1946 walianza kuunda vigari vyepesi na kuvitia injini za pikipiki za cc 500, nyingi zikiwa za JAP na baadaye Norton. Watu wangaliweza kucheka: injini ya pikipiki itaendesha gari? Lakini vigari hivyo vilikuwa vyepesi sana, na injini zile zilitosha. Mwaka 1950 aina hiyo ya mashindano ilitambuliwa kimataifa kwa jina la Formula 3. Stirling Moss, aliyekuja kuwa dereva mashuhuri duniani, alianza kupata jina mwaka 1948 akiendesha Cooper ya namna hiyo. Siri yao haikuwa injini kubwa. Ilikuwa ni injini iliyolingana na chombo. Injini ile ile ukiifunga kwenye lori la mchanga, haipandi hata kilima kidogo.

Mfano wa karibu ni tuktuk zetu za Malindi. Injini ya tuktuk ni jamaa wa injini ya pikipiki, lakini si pikipiki iliyoongezwa gurudumu tu. Imewekewa feni ya kuipoza kwa sababu imefichwa nyuma mahali pasipopata upepo, na ina gia ya kurudi nyuma ambayo pikipiki ya kawaida haina. Kila chombo huidai injini yake.

Mwenzangu mmoja wa darasani aliniuliza, "Kwani hatuwezi kufunga injini ya bodaboda mashuani? Spea zake ziko tele." Swali lake lina akili, na huko Thailand watu hufunga injini ndogo za nchi kavu kwenye mitumbwi kwa kutumia mtaimbo mrefu wenye rafadha mwishoni. Lakini injini ya bodaboda hupozwa na upepo wa mwendo, na mashua yetu haina mwendo wa kuleta upepo huo. Zaidi ya hayo, haikuumbiwa chumvi. Mashine ya mashua hupozwa kwa maji ya bahari yenyewe, na vyuma vyake huteuliwa na kupakwa dawa ili vistahimili chumvi. Hata hivyo hizi mbili ni ndugu kabisa: kampuni ya Yamaha, ambayo mashine zake zajulikana mno pwani yetu, ilianza na pikipiki mwaka 1955 na kuingia katika mashine za mashua mwaka 1960.

Hesabu ya nahodha

Hapa ndipo Fizikia ilipoingia. Karne ya 19 Mwingereza aliyeitwa William Froude alichunguza jinsi vyombo vinavyopasua maji. Chombo kizito kinapokwenda hufanya wimbi mbele na wimbi nyuma. Kadiri kinavyoongeza mwendo, mawimbi hayo mawili huachana, hata chombo hujikuta kimekaa katika bonde kati yake. Kufika hapo, ukiongeza nguvu unajaribu kupandisha mashua kilima cha maji. Tezi huzama, omo huinuka, petroli huteketea, na mwendo hauongezeki ila kidogo sana.

Mwendo wa mwisho wa chombo cha namna hiyo hukadiriwa hivi: tafuta kipeuo cha pili cha urefu wake kwa futi, palipo maji, kisha zidisha kwa 1.34. Jibu ni fundo, yaani maili za baharini kwa saa. Mashua ya mjomba ina futi 25 palipo maji. Kipeuo cha pili cha 25 ni 5. Mara 1.34 tunapata fundo 6.7, ambazo ni kama kilomita 12 kwa saa. Hapo ndipo mwisho wa mashua ile, hata uifunge mashine ya meli.

Boti nyepesi za faiba zenye tako bapa, kama zile zinazokimbiza sulisuli na watalii huko Watamu, ni jambo jingine. Hizo zikipata nguvu hupanda juu ya maji zikateleza. Lakini mashua ya mbao iliyobeba watu, barafu, nyavu na samaki haipandi. Itakata maji tu, kwa adabu yake.

Je, nguvu gani yatosha? Wataalamu wa vyombo vya uvuvi hukadiria kama farasi 5 kwa kila tani moja ya uzito wote. Mashua ya mjomba pamoja na mizigo tuliikadiria tani 2. Hiyo ni farasi 10. Ukiongeza akiba ya kushindana na upepo na mkondo, mashine ya farasi 15 yatosha kabisa.

Farasi 40 au farasi 15?

Mashine ya kwanza tuliyoonyeshwa ilikuwa ya farasi 40. Muuzaji alikuwa mtu mchangamfu, mwingi wa maneno. Baada ya salamu alimshika mjomba mkono.

"Mzee wangu, hii ndiyo mashine. Haina shida hata kidogo, juzi tu imefanyiwa oveholi. Ukifunga hii, watu wa bandari nzima watakujua."

Mjomba akamjibu, "Ahsante, mwanangu. Lakini mimi wananijua tayari. Nataka samaki."

Tulicheka sote, naye muuzaji akacheka. Lakini jibu lile lilikuwa na hesabu ndani yake. Mashine za mipigo miwili, zile zinazochanganyiwa oili ndani ya petroli, hunywa takriban nusu lita kwa kila farasi 1 kwa saa zikifunguliwa hadi mwisho. Mashine ya farasi 15 hunywa kama lita 7.5 kwa saa. Ya farasi 40, kama lita 20. Safari ya saa 3 kwenda na kurudi ni lita 22.5 kwa ile ndogo na lita 60 kwa ile kubwa. Tofauti ni lita 37.5 kwa siku moja, na mashua zote mbili zimegota kwenye fundo zile zile 6 na ushei. Zidisha mwenyewe kwa bei ya petroli ya leo, kisha kwa siku za mwezi.

Mtu atasema: basi si nitaifungua nusu tu? Kweli, na petroli itapungua. Lakini utakuwa umenunua nguvu usizozitumia. Tena mashine ya mipigo miwili ikikaa muda mrefu katika mwendo wa chini, oili haiungui vizuri na plagi hushika masizi. Halafu kuna uzito. Mashine ya farasi 15 ina takriban kilo 40, na watu wawili huibeba kutoka mashuani hadi nyumbani maji yakiwa yamekupwa. Ile ya farasi 40 ina kama kilo 70, na kilo hizo hukaa tezini siku zote zikiielemeza mashua.

Sisemi mashine kubwa ni mbaya. Kwa boti nyepesi ya faiba iendayo mbali, au kwa msimu ambapo lazima ukimbie mbele ya dhoruba, ile ya 40 ndiyo yenyewe. Ninalosema ni kwamba mashua ndiyo inayochagua, si macho ya watu wa bandari.

Kusoma jina la mashine

Herufi zilizoandikwa kwenye mashine si mapambo. Chukua mfano wa Yamaha E15DMHL. E ni kwa Enduro, aina iliyotengenezwa kwa kazi ngumu. 15 ni nguvu ya farasi. D yaonyesha toleo lake. M ni kwamba huwashwa kwa mkono, kwa kuvuta kamba. H ni kwamba huongozwa kwa mkono wake yenyewe, bila usukani wa mbali. L ni urefu wa mguu wake.

Herufi hiyo ya mwisho imewatia watu hasara. S ni mguu mfupi, unaofaa ubao wa tezi wenye kimo cha inchi 15 hivi. L ni mguu mrefu, wa kimo cha inchi 20. Ukifunga mguu mfupi kwenye ubao mrefu, rafadha, au propela kama tusemavyo, itakuwa karibu na uso wa maji. Kila wimbi likipita itameza hewa na mashine itapiga kelele bure. Ukifunga mguu mrefu kwenye ubao mfupi, utaburuza chuma majini na kugonga miamba maji yakipwa. Basi pima ubao wa tezi nyumbani kabla ya kwenda kununua. Utepe wa fundi cherehani watosha.

Ukiona herufi K, kama katika EK15, ujue ni mashine iliyotengenezwa kutumia mafuta ya taa. Si mbaya, lakini ujue unachonunua.

Ukaguzi kwa utaratibu

Usiuziwe mbuzi kwenye gunia. Yafuatayo ndiyo tuliyoyafanya kila tulipoonyeshwa mashine, moja baada ya jingine.

Kwanza, mwambie muuzaji mapema asiiwashe kabla hujafika. Ukifika, gusa kichwa cha mashine. Ikiwa ina joto, jiulize kwa nini. Mashine mbovu ikishapashwa huwaka kwa mvuto mmoja. Ikiwa baridi ndipo husema kweli.

Pili, tafuta kibati chenye namba yake kwenye chuma cha kufungia. Ikiwa kimeng'olewa au namba zimekwaruzwa, toa salamu uondoke. Huenda kuna mvuvi mahali fulani anayelia kwa sababu ya mashine hiyo. Ikiwa namba ipo, iandike kwenye hati ya mauzo pamoja na majina na sahihi za mashahidi, hasa viongozi wa wavuvi wa ufuo ule.

Tatu, vua kifuniko utazame. Rangi mpya juu ya kutu ni kama wanja kwenye jicho bovu. Kagua parafujo: kama vichwa vyake vimelika, fundi asiye na spana za kufaa amepita hapo mara nyingi. Tazama pia kile kipande cha zinki kilichofungwa chini. Kazi yake ni kuliwa na chumvi ili vyuma vingine visiliwe. Ikiwa kimeisha kabisa na hakikubadilishwa, chumvi imehamia kwenye mashine yenyewe.

Nne, fungua plagi. Rangi ya kahawia ya biskuti ni dalili njema. Nyeusi yenye mafuta yaonyesha petroli au oili imezidi. Nyeupe kama chokaa yaonyesha mashine imekuwa ikipata joto kupita kiasi. Matone ya maji au kutu kwenye plagi yaonyesha maji yanaingia ndani, na hapo gasketi au kichwa kina kasoro.

Tano, pima nguvu ya kubana hewa, yaani kompresheni. Geji yake huazimwa kwa fundi wa pikipiki. Ifunge mahali pa plagi, fungua mafuta hadi mwisho, vuta kamba mara kadhaa, kisha soma. Fanya hivyo kwa kila silinda. La muhimu zaidi si namba yenyewe bali ulinganifu: silinda mbili zisitofautiane zaidi ya sehemu 1 kwa 10. Ikiwa moja iko juu na mwenzake chini, pistoni au ringi zimechoka, na oveholi uliyoambiwa ni ya mdomoni. Ile mashine ya "juzi tu imefanyiwa oveholi" iligota hapa. Silinda ya chini ilikuwa dhaifu kuliko ya juu kwa zaidi ya robo. Muuzaji akasema ati geji ya fundi ni mbovu. Fundi akaipima pikipiki yake kwa geji ile ile, ikasoma sawasawa. Tukaaga kwa heshima.

Sita, fungua parafujo ya chini ya giaboksi uone oili yake. Ikitoka safi, shukuru Mungu. Ikitoka na rangi ya maziwa au chai ya maziwa, maji ya chumvi yameingia. Mara nyingi chanzo ni mshipi wa nailoni uliojizungusha kwenye mtaimbo wa rafadha ukakata sili. Kitu kidogo hicho, lakini huua giaboksi nzima. Ukiona chenga za chuma zinazometameta, meno ya gia yanasagika.

Saba, zungusha rafadha kwa mkono huku ukitazama ncha ya mtaimbo wake. Ikiyumba, mtaimbo umepinda kwa kugonga mwamba. Soma pia namba za rafadha. Huwa mbili, mathalani 10 x 9: ya kwanza ni upana wake kwa inchi, ya pili ni hatua ambayo ingepiga mbele kwa mzunguko mmoja, kama parafujo ndani ya ubao. Mashua nzito yataka hatua fupi, kama vile mtu aliyebeba gunia asivyoweza kupiga hatua ndefu.

Nane, iwashe, lakini mguu wake uwe ndani ya maji, baharini au katika pipa. Kamwe usikubali iwashwe kavu. Ndani ya mguu kuna kipira chenye mabawa kinachovuta maji ya kupozea, nacho bila maji huungua kwa muda mfupi. Mashine ikiwaka, chirizi la maji lapaswa kutoka nyuma kwa nguvu na bila kukatika. (Chekeni mkitaka, lakini mashine isiyokojoa ni mgonjwa.) Kipira hiki huchakaa haraka kwa wavuvi wa upande wetu, kwa sababu mvua zikinyesha bara mto Sabaki huleta maji mekundu yenye mchanga na udongo hadi baharini. Mchanga huo hupita ndani ya pampu na kuisaga. Kwa hivyo hata mashine ikiwa nzuri, weka akiba ya kununua kipira kipya.

Tisa, ipeleke baharini. Dakika 5 za ufuoni hazitoshi. Tembea nusu saa au zaidi, ukiwa na mzigo wa watu. Tia gia ya mbele, ya nyuma, irudishe polepole, iache ipumue, kisha ifungue hadi mwisho. Ikiruka gia chini ya mzigo, au ikizima kila ikipunguzwa, umejua. Jaribu pia kamba ya kuzimia, ile inayofungwa mkononi mwa nahodha, kwani nahodha akianguka majini ndiyo itakayosimamisha mashua.

Kumi, uliza mafundi na maduka ya ufuo wenu wana spea za mashine ipi. Mashine nzuri isiyo na spea ni sanamu. Kama wenzako wote wana aina moja, kuna hekima kufuata, maana siku ya dhiki utaazimwa plagi au kamba na mashua ya jirani.

Mipigo miwili au minne?

Mashine za mipigo miwili ni nyepesi, vipande vyake ni vichache, na mafundi wa ufuoni huzijua kama viganja vyao. Lakini hunywa sana, hutoa moshi, na sehemu ya oili yake huishia majini. Sisi tunaoishi jirani na Hifadhi ya Bahari ya Malindi, iliyoanzishwa mwaka 1968, hatuwezi kusema hilo halituhusu. Matumbawe ndiyo nyumba ya changu na tafi tunaowauza.

Mashine za mipigo minne hutia oili yake mahali pake, kama gari. Hunywa petroli kidogo na hazipigi kelele. Lakini ni nzito zaidi, zataka kubadilishwa oili kwa wakati, na zikiharibika vibaya si kila fundi ataziweza. Anayekwenda mbali kila siku na ana fundi mzuri atafaidika nazo. Anayetoka mara chache na kutegemea mafundi wa ufuoni, ile ya mipigo miwili bado itamfaa.

Mwenye mipigo miwili asikisie oili. Mashine nyingi za namna hii hutaka sehemu 50 za petroli kwa 1 ya oili. Yaani dumu la lita 20 hupewa mililita 400. Akipunguza "kuokoa pesa," pistoni itashika. Akizidisha "kwa usalama," plagi zitajaa masizi. Chupa yenye alama za vipimo ni bora kuliko jicho la nahodha yeyote.

Baada ya kununua

Mjomba na wenzake hatimaye walipata mashine ya farasi 15, mguu mrefu, kutoka kwa mvuvi mzee aliyekuwa akistaafu. Silinda zake zilisomeka sawa, oili ya giaboksi ilikuwa safi, na rangi yake ilikuwa imechakaa kwa haki, bila wanja. Walinunua kipira kipya cha pampu na zinki mpya siku hiyo hiyo. Fedha zilizobaki hazikuliwa. Walinunua jaketi za kuokolea na kitambaa cha tanga. Mmoja wao alinung'unika kuwa tanga ni mambo ya kale. Mjomba akamwambia, "Mashine ni mkono wa kulia. Wewe ulizaliwa na mkono mmoja?"

Kila jioni mashine huendeshwa kwa maji baridi ndani ya pipa kwa dakika chache ili chumvi isafishwe. Kazi hiyo nimepewa mimi wakati wa likizo, na naikubali, kwa kuwa karo yangu inapita humo.

Wanafunzi wenzangu, tusidhani kwamba elimu ya darasani na kazi ya ufuoni ni mambo mawili yasiyokutana. Kipeuo cha pili tulichokilalamikia Kidato cha Kwanza chaweza kumwokolea mzazi lita 37.5 za petroli kwa siku. Na Kiswahili chetu kina maneno ya kazi hii: omo na tezi, mlingoti na foromali, rafadha na mtaimbo. Likizo ijayo mzazi, mjomba au ami akisema anatafuta mashine, usikae kando ukidhani ni mambo ya wakubwa. Chukua utepe ukapime ubao wa tezi, chukua kalamu upige hesabu, kisha mwazime fundi geji. Kwa hayo machache, natia nanga.

Mwanachama, Kidato cha Tatu